Mwenye Minazi, Mwenye Ardhi na Gari Letu la Kulala

Watu wakisikia kwamba likizo ya Agosti tulikuwa Malindi tukilala garini, swali la kwanza ni choo, la pili ni wezi. Hakuna aliyewahi kuniuliza tulipataje pa kulilaza hilo gari, na ndiyo kazi iliyotula muda kuliko zote. Wanadhani pwani ni ndefu na mchanga ni mwingi, kwa hiyo unajisogeza chini ya mti, unavuta breki ya mkono, basi. Mahali pazuri pamejaa tele, sikatai. Lakini kila mahali pana mwenyewe, na mara nyingi wenyewe ni watatu.

Gari lenyewe msilifikirie lile la watalii lenye bafu na televisheni. Ni Hiace ya paa la juu iliyobeba abiria mpaka ikachoka, baba watoto akainunua kwa bei ya kutupa, akang'oa viti vyote. Fundi mbao wa Magongo akatupigia kitanda chenye masanduku chini yake, kabati la vyombo, na rafu ya jiko la gesi. Maji yako kwenye tangi juu ya paa. Choo ni ndoo yenye kifuniko na gunia la maranda ya mbao. Ukimaliza unamwagia maranda, unafunika, harufu hakuna. Tulikuwa sisi wawili, watoto wetu wawili, na mama mkwe wangu, mzaliwa wa Takaungu, aliyekubali kuja kwa sharti moja tu: asilazwe kituo cha mafuta.

Usiku wa kwanza tulimlaza kituo cha mafuta.

Kutoka Mombasa hadi Malindi ni kama kilomita 120, lakini foleni ya Mtwapa haihesabu kilomita. Tukafika jua linatua, na huku kwetu jua likitua halichelewi kukuachia giza. Tuliingia barabara ya Casuarina, ile inayofuata bahari kusini mwa mji kuelekea hifadhi ya bahari, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1968. Unaendesha unasikia mawimbi, unanusa mwani, na bahari huioni. Ni ukuta baada ya ukuta. Kuna vijia vya umma vya kuteremkia ufuoni katikati ya kuta hizo, baadhi mtu na baiskeli yake hawapishani, na vingine vimetiwa geti kabisa, na askari anakwambia njia imefungwa na bosi. Bosi gani aliyepewa njia ya watu? Hilo linaniudhi tangu nikiwa msichana, ila tukiliingia hapa hatutatoka. Hoteli moja ilitaka tulipie chumba ndipo gari liingie uani. Nyingine paa letu halikupita chini ya lango. Ya tatu hatukushuka. Kituoni tukampa mlinzi wa zamu mia tatu na kikombe cha chai, akatuelekeza pembeni nyuma ya mashine ya upepo. Malori yalijaza mafuta hadi alfajiri.

Mama mkwe hakulalamika. Alikunywa chai yake kwa mahamri na mbaazi, akajifunga leso vizuri, akamwambia mwanawe, "Leo natafuta mimi. Wewe endesha tu."

Tukavuka daraja la Sabaki kuelekea upande wa Mambrui. Kabla hatujafika mbali baba watoto alishapenda mahali: uwanda karibu na mto unapomwagikia baharini, ndege wengi, upepo mzuri, nyasi fupi zilizolingana kama kichwa cha mtoto aliyetoka kunyolewa. Kijana mmoja mchunga ng'ombe alikuja akasimama, akatuangalia tunavyopimapima, akauliza kwa upole, "Baba, mwajua nani anayezinyoa hizo nyasi?" Viboko. Mchana wamo majini, usiku wanatoka kula, na njia zao hawambadilishii mtu. Alituonyesha mtaro uliokanyagwa kwenye matope, mpana, na katikati yake tuta ambalo miguu hailigusi. Hapo watoto waliingia garini wenyewe bila kuitwa.

Mbele kidogo tukapata minazi, na mbele ya minazi safu ya mivinje, kisha mchanga, kisha bahari. Kati ya minazi na mivinje palikuwa na uwazi wa kutosha gari na kivuli chake. Hakuna ua, hakuna kibao. Bodaboda ikaja mbio kutoka huko ndani, kijana akashuka anatabasamu.

"Karibuni sana. Hapa ni petu. Mtanipa elfu moja kwa usiku, na mimi mwenyewe nitawalinda."

Baba watoto mkono ulishaenda mfukoni. Mama mkwe akauliza, "Petu wewe na nani, mwanangu?"

"Mimi na babu. Minazi hii yote ni ya babu."

"Na ardhi?"

Kijana akacheka. "Ardhi ni ya mtu wa Mombasa, bibi."

Mtu wa bara hapa angechanganyikiwa; sisi wa pwani tumeyakuta hivyo. Mnazi una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe, na si lazima wawe mtu mmoja. Ukanda huu wa pwani, wa maili kumi kutoka baharini, ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, na Waingereza walipoleta sheria ya kusajili hati za ardhi mwaka 1908, waliopata hati walikuwa wachache, na wengi waliokuwa wakilima hapo hawakupata kitu. Watoto wa wenye hati wakahamia Mombasa na kwingineko, waliobaki wakaendelea kupanda, na mti ukimea unakuwa wa aliyeupanda. Kwa hiyo unaweza kulipa mtu, akakuruhusu kwa moyo mweupe, na bado usiku akaja mwingine kukuuliza umeruhusiwa na nani, na yeye pia akawa na haki. Ongeza wa tatu, mwenye mbuzi wanaolisha hapo, ambaye hana hati wala mnazi, ila akikukasirikia hutalala.

Kilichonifunza mengi ni namna mama mkwe alivyolishughulikia. Kwanza alikataza gari lisiingie. Likabaki barabarani. "Gari likitangulia, watu wanaona pesa," alisema. "Mtu akitangulia, wanaona mtu." Pili, hakuulizia mahali. Alimuuliza yule kijana nyumba ya mzee wa mtaa iko wapi, tukaenda kwa miguu, mimi na yeye na kitinda mimba wangu mgongoni. Nilijua kwa nini mtoto amechukuliwa. Mwenye nia mbaya hazunguki na mtoto.

"Hodi!"

"Karibu!"

Mzee alikuwa kibarazani anasuka kamba ya usumba. Mimi nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua macho. Wao wawili ni rika moja, wakasalimiana kwa salaam aleikum na habari za tangu jana, ingawa jana hawakujuana. Kisha akaanza yeye: unatokea wapi? Takaungu. Takaungu kwa nani? Hapo nikajua tutakaa. Walipita kwenye koo, wakapita kwenye harusi, wakafika kwa mtu mmoja aliyekuwa nahodha wa jahazi ambaye wote wawili walimfahamu, wakamrehemu. Mtoto akapewa dafu. Habari ya gari ilitajwa mwisho kabisa, tena kwa ufupi, kama kitu kidogo kilichosahauliwa mlangoni.

Mzee hakutaja pesa. Aliingia ndani akatoka na daftari la shule, akaandika jina la baba watoto, nambari ya kitambulisho chake na ya gari, na siku tulizotarajia kukaa. Akampigia naibu wa chifu mbele yetu akamsomea. Alituambia wazi kwamba hafanyi hivyo kwa kututilia shaka. Tangu mashambulizi ya kigaidi ya Mpeketoni, kule Lamu, mwaka 2014, gari geni lililozima taa kando ya bahari linawakosesha watu usingizi, na mtu aliyekosa usingizi hujui atamwita nani. Baada ya simu ile tulikuwa wageni wa mtaa. Kijana wa bodaboda, kwa taarifa yenu, alipata kazi ya halali: kutuletea maji.

Kisha akaitwa babu mwenye minazi, na mwenye ardhi akapigiwa simu Mombasa. Mteja hapatikani. Mzee akasema ataendelea kumtafuta, tuingie.

Babu alikuja na panga mkononi, akatembea chini ya minazi yake shingo ameinua. Hakuangalia ardhi hata mara moja. Baba watoto alishaamua pa kusimama, chini ya mnazi uliopinda vizuri, pa kupigia picha. Babu akauonyesha kwa panga. Juu kabisa palikuwa na vidaka, chini yake madafu ya kijani, halafu makoroma, na chini ya yote shada la nazi kavu za kahawia, na kuti moja limening'inia limeshikwa na nyuzi tu. "Huu haujakwewa tangu masika," alisema. "Hizi zinasubiri upepo." Na Agosti upepo ni kusi, hausubirishi. Tukasogea. Akatukataza vilevile kujibana chini ya mivinje, kwa kuwa matawi yake hukatika bila kutoa sauti ya kukuonya. Tukaishia pale kwenye uwazi, tukafunga turubai kutoka kwenye paa la gari hadi kwenye nguzo mbili za mkoko alizotuazima.

Asubuhi akaja mkwezi. Alitia kidole gumba cha mguu kwenye vidato vilivyochongwa shinani, akapanda kana kwamba anatembea, panga limechomekwa nyuma kiunoni. Akalizungusha lile shada kavu mara moja, mara mbili, akalikata. Nazi ya kwanza ilipoanguka nilisikia mshindo kifuani kabla ya masikioni. Ilizama mchangani hadi nusu yake. Mwanangu mkubwa aliing'oa, akatia mkono kwenye shimo lile, kisha akaangalia pale gari lilipokuwa limeelekezwa jana yake. Mkono uliingia mpaka juu ya kifundo. Paa la Hiace ni bati tu.

Sasa habari ya bahari. Siku iliyofuata, saa nne asubuhi hivi, maji yalikuwa yametoka mbali, ufuo mpana, mchanga umekaza. Baba watoto na watoto wake wakaungana dhidi yetu: tulishushe gari hapo chini, tufungue mlango wa nyuma, tunywe chai tunaangalia bahari. Mama mkwe akauliza mwezi ni wa ngapi. Hakuwa na maana ya Agosti. Ulikuwa wa kumi na tano. "Basi ni bamvua, maji makubwa," akasema, akavua viatu akateremka kuwaonyesha mistari. Wa kwanza ulikuwa wa mwani mbichi, unang'aa. Juu yake wa mwani uliokauka umekuwa mweusi. Juu zaidi, karibu na mizizi ya mivinje, mstari mwembamba wa takataka: makaka ya kome, kandambili, vifuniko vya chupa, vijiti. Huo wa juu ndio maji yalipofika bamvua lililopita.

Kuna hesabu moja ambayo kila mwenye gari anayekuja pwani yetu angeijua kabla ya kununua godoro. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hujaa karibu na saa kumi, jioni na alfajiri, na hutoka karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayopita yanachelewa kama dakika hamsini. Mgeni akifika saa nne au saa tano ya bamvua anaona ufuo mpana kuliko wakati wowote wa mwezi, na saa zisizozidi sita baadaye ufuo huo haupo. Wiki moja mbele, maji mafu, mwendo wake ni mdogo na saa zake zimegeuka. Wavuvi hawahitaji jedwali, wanahesabu mwezi. Jioni ile saa kumi tulikaa kwenye mkeka tukatazama wimbi likifuta alama za miguu yetu za asubuhi, likapita pale pa chai, likaja mpaka kwenye kandambili. Baba watoto alisema tu, "Haya, Mama."

Kusi nalo lina adabu yake. Mvuvi aliyepita kuuza tafi alitushauri tuelekeze pua ya gari kule upepo unakotoka, mlango uwe upande uliokingwa, na jiko tulitoe nje nyuma ya tairi la nyuma. Tulipofanya hivyo mchanga uliacha kuingia kwenye wali. Chumvi haina dawa. Kila asubuhi kioo kina ukungu unaonata, na bawaba za mlango zilianza kulia tukiwa bado huko. Ukipuliza mafuta kwenye bawaba na kwenye vishikio vya tangi kabla ya safari utaokoa pesa. Na mchanga ule wa ndani, ulio kati ya miti, ni laini kuliko wa ufuoni: punguza upepo wa matairi kabla ya kuingia, usingoje tairi lianze kuchimba.

Maji ya kunywa kijana alileta kwa jerikeni za lita 20, maji ya bomba yanayotoka Baricho kando ya Sabaki, yale yale yanayosukumwa kuteremka hadi Mombasa. Kisima cha karibu kilikuwa na chumvi kidogo, kizuri kwa kufulia. Kisima hicho ndicho kilichoamua mambo ya choo. Mchanga haushikilii kitu. Ukizika uchafu leo, kesho jirani anauteka kwa ndoo. Babu alituonyesha shimo la choo cha boma lake, mbali na kisima, ndoo yetu ikawa inamwagwa huko asubuhi na mapema, na mimi ndiye niliyejitolea, kwa sababu wengine wote ghafla walikuwa na kazi. Taa ya nje alituomba tuizime usiku. Kasa hutaga kwenye fuo hizi, na vitoto vyao vikianguliwa vinafuata mwanga. Vikiona taa ya gari vinaipa bahari mgongo.

Tulijaribu pia upande wa pili wa mambo. Arabuko-Sokoke, msitu mkubwa ulio karibu na Gede, una sehemu ya kupigia kambi, na huko mwenye mahali ni serikali. Ada inajulikana, risiti unapewa, askari wa misitu anakuonyesha pa kusimama, umemaliza. Usiku komba walilia juu ya vichwa vyetu hadi watoto wakajifunika gubigubi. Asubuhi tulimwona sange wa kiunoni dhahabu, mnyama mdogo wa pua ndefu, akikata njia kwa kasi. Tumbili wakachukua mkate. Kama una haraka, au huna mama mkwe, nakushauri uanzie huko. Wangu alisema amelala vizuri, ila hakuna mtu aliyemuuliza ni wa nani.

Watoto walitaka tufike Lamu. Gari haliendi Lamu. Linaishia Mokowe, wewe unapanda boti, na mji wenyewe ni wa punda na miguu. Kuiacha nyumba yetu Mokowe usiku kucha na sisi tuko kisiwani ndiko kulikotushinda. Tukarudi kwa babu.

Mwenye ardhi alipatikana hatimaye. Mzee wa mtaa alikuja hadi garini na simu ameinyoosha mbele, sauti imefunguliwa wote tusikie. Mtu wa Mombasa aliuliza tumelipa kiasi gani na tumemlipa nani. Mama mkwe akaichukua simu, akamwamkia kwa jina la ukoo wake aliloambiwa kibarazani, akamwambia tumelipa madafu, tumemlipa mkwezi, na tumenunua nazi zile kavu zote zilizotaka kutuua. Ardhi hatujalipia kwa sababu simu yake ilikuwa imezimwa. Kimya kidogo. Kisha mtu yule akacheka, akasema pesa hataki, anataka kitu kingine. Ana miaka hajafika. Je, tunaweza kumwangalilia kama bikoni za ploti yake, zile alama za mpaka, bado zipo, tumpigie picha?

Tulikwenda msafara mzima, babu mbele na panga, mzee nyuma na daftari. Ya kaskazini tuliipata imefunikwa na mimea itambaayo, saruji imemeguka pembeni lakini chuma chake kimesimama. Ya kusini hatukuiona. Mzee akasema iko chini ya mchanga uliohamishwa na upepo. Babu akasema hapo hapajawahi kuwa na bikoni maisha yake yote. Baba watoto akatuma picha ya ile moja.